Anayesoma Mawimbi

Jua lilikuwa limeshashuka hadi usawa wa mapaa nilipotoka dukani na spana namba kumi na tatu. Muuza vifaa alinifungia kwenye gazeti kama anayefunga samaki, kisha akaniuliza kama nimepata fundi. Nikamwambia nina akili. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Nilikuwa na haraka. Mama mkwe wangu alikuwa hajala kitu cha maana tangu upepo mkubwa upite na televisheni ibaki na maandishi yaleyale: hakuna mawimbi.

Alikuja kwangu kumuuguza binti yake, na baada ya mazishi hakuondoka. Miezi yote ya ugonjwa walikuwa wakitazama tamthilia moja kila jioni, marehemu mke wangu amelala kwenye kochi, mama yake pembeni na sahani, kijiko kimoja kwa mgonjwa, kimoja kwake. Baada ya mazishi bibi huyu aliendelea kula saa hiyohiyo, mbele ya tamthilia hiyohiyo, na si wakati mwingine wowote. Tamthilia yenyewe ni upuuzi mtupu. Tajiri mmoja amepoteza kumbukumbu mara mbili, na mara zote mbili zimemrudia harusini. Lakini ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tamthilia ilipokatika, sahani zikaanza kurudi jikoni kama zilivyotoka.

"Haumwi chochote," daktari aliniambia. "Hataki kula tu. Akiendelea hivi, utamzika na yeye."

Fundi alikuja siku moja kabla. Alipanda paani kwenye dishi akipiga mluzi, akashuka bila mluzi.

"Mwalimu, hili sifungui."

"Limekushinda?"

"Halijanishinda. Nati zimekaza, zina kutu tupu, hakuna mkono uliozigusa. Lakini dishi limegeuka."

"Upepo."

"Upepo gani unageuza dishi bila kulegeza nati? Halafu linaangalia kule." Hakusema kule ni wapi. Alibeba begi lake, akaenda. Mwanamume mzima, ana simu inayompigia picha za angani, anaogopa sahani ya bati.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipopata habari alinipigia simu mara moja. Habari za namna hiyo hazimpiti.

"Shemeji, humo ndani mna mtu."

"Mna watu wawili. Mimi na mama yako."

"Unajua ninachosema. Niruhusu nimlete mtaalamu."

Mtaalamu wake nilimwona msibani. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na alikula kuliko waliochimba kaburi. Nikamwambia shemeji kwamba siku mtaalamu huyo atakapoagua ni lini maji ya bomba yatatoka, amlete. Akakata simu.

Mimi ninafundisha upimaji ardhi chuoni. Kazi yangu ni kujua kitu kinaelekea wapi, kwa nyuzi ngapi, na kimeinama kiasi gani. Dishi ni hilo tu. Setilaiti imekaa mahali pamoja angani, haimwogopi mtu wala haimfuati mtu. Ukijua ilipo, unaielekea.

Kinachohitajika ni watu wawili. Mmoja anapanda na kugeuza. Mwingine anakaa ndani mbele ya ukurasa wa mawimbi, anapiga kelele dirishani. Nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti chake, nikafungua dirisha lote.

"Mama, mstari huu ukirefuka, sema inapanda. Ukipungua, sema inashuka. Usipotikisika, sema bado. Ukigeuka kijani, piga kelele."

"Kelele za furaha au za kawaida?"

"Zozote, Mama."

"Haya baba. Usianguke tu. Sina nguvu za kukuokota."

Niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda.

Paa letu ni la zege, bapa, halina ukingo. Nondo zimechomoza pembeni zikisubiri ghorofa ambayo mimi na marehemu hatukuwahi kuijenga. Dishi limefungwa kwenye bomba upande wa nyuma, karibu kabisa na mwisho wa paa, juu ya dirisha la sebule. Fundi alisema kweli kuhusu kutu. Kuhusu mahali lilipogeukia pia alisema kweli. Lilikuwa limeinamia chini, halitazami angani hata kidogo. Nilifuata uelekeo wake kwa dira na kwa macho, nikavuka mapaa, nikavuka bonde, nikafika kwenye mteremko ilipo hospitali.

Ndiko alikofia mke wangu.

Nikaamua kwamba bomba zima limezunguka ndani ya zege. Sikuinama kuangalia kama zege limepasuka. Nililegeza nati moja baada ya nyingine, zikilia kama watoto, kisha nikaligeuza dishi kwenye uelekeo niliokuwa nimeupiga hesabu mezani.

"Mama! Vipi?"

"Bado, baba."

Nikasogeza kiasi cha unywele mmoja.

"Sasa?"

"Bado."

Mbali, mashine ya umeme ilianza kunguruma. Mwanga wa jioni ulikuwa bado unatosha kusoma dira. Nikainua dishi kidogo.

"Sasa je?"

Kisha, kutoka dirishani...

"Rudisha ulikotoka."

"Inapanda?"

"Inapanda."

Nikarudisha. Nikapita uelekeo wa hesabu yangu, nikazidi.

"Inapanda. Endelea. Kulia kidogo."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kwako."

Sauti ilikuwa imechangamka, safi, haina ule mkwaruzo wa uzee. Nilifikiri matumaini yamemrudishia pumzi, nikafurahi. Upepo ukaniletea harufu ya dawa ya kuchua, ile ya kijani tuliyokuwa tukimsugulia mke wangu mgongoni. Hilo nalo lina maelezo: mama yake huipaka magotini.

Nikatazama dira. Sikupenda nilichokiona.

"Mama, una hakika? Huku hakuna setilaiti."

"Inapanda."

Wanafunzi wangu ninawafundisha hivi siku ya kwanza: ukitofautiana na kipimo, aliyekosea ni wewe, usikilaumu kipimo. Mimi nilikuwa na hesabu. Ndani kulikuwa na mtu anayesoma kipimo. Basi nikamfuata msomaji. Ili kuligeuza dishi zaidi ilibidi nilizunguke bomba, uso kwenye dishi, mgongo nje.

"Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Kidogo tena."

"Imefika ngapi?"

"Karibu kijani. Kidogo tena..."

Harufu ya dawa ilizidi. Ikachanganyika na harufu ya shuka iliyopigwa pasi sasa hivi.

"Baba!"

Hiyo haikutoka dirishani. Ilitoka uani, chini, upande wa geti.

Niligeuza shingo. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama getini, mkono mmoja umeshika ukuta, mshumaa usiowashwa mkononi.

"Baba, unaongea na nani huko juu?"

"Na wewe, Mama."

"Na mimi? Umeme umekatika zamani! Nilikwenda kwa jirani kuuliza kama na kwao hakuna. Televisheni imezima, baba. Imezima kabisa."

Nikatazama mtaa. Hapakuwa na taa hata moja. Kule ng'ambo ya bonde, hospitali peke yake ilikuwa na mwanga, kwa mashine yao. Dishi langu lilikuwa limeielekea sawasawa, kama nilivyolikuta.

Chini yangu, katika dirisha lenye giza...

"Usimsikilize. Kidogo tu, kipenzi."

Nikatazama miguu yangu. Visigino vyote viwili vilikuwa hewani, nje ya paa. Nilikuwa nimesimama kwa vidole.

Nililikumbatia bomba. Sioni haya kulisema. Nilishikilia mpaka pumzi ikarudi, kisha nikavuta mguu mmoja, halafu wa pili. Na pumzi iliporudi, haikurudi na hofu. Ilirudi na dharau, na ninaikumbuka ladha yake mpaka leo.

Kwa sababu mke wangu hakuwahi kuniita kipenzi. Hata siku ya harusi. Hata ile wiki ya mwisho, alipokuwa akisema mambo mengi. Aliniita wewe. Akikasirika aliniita bwana mkubwa. Mbele ya wageni nilikuwa huyu hapa. Kitu kilichokuwa sebuleni kwangu kilikuwa kimeiba sauti, kimeiba harufu, na mdomoni kikaweka neno la kwenye tamthilia.

Nikainama juu ya dirisha.

"Ungefanya utafiti kidogo kabla ya kuja," nilisema. Sikupaza sauti. "Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo. Hakuwahi kuniita hivyo. Hata kuiga hujui."

Nikagonga zege kwa spana.

"Unasikia? Hata kazi yako ni mbovu. Nenda kadanganye mafundi."

Nilingoja vitisho, au kicheko, kama hadithi zinavyodai. Hakuna kilichokuja. Kisha ndani ya giza mtu alikohoa. Mara moja, kwa kujizuia, kama mtu anayeziba mdomo ili asimwamshe mwenzake.

Kikohozi kile nilikijua.

Nikafunga masikio kwa kazi. Niligeuza dishi kwa dira, nikapima mwinamo kwa simu, nikakaza nati mpaka mkono ukauma. Sikumuuliza mtu yeyote chochote. Nilipokuwa nakaza ya mwisho umeme ulirudi, mtaa mzima ukashangilia kama kawaida yao, na kutoka chini ukaja wimbo wa kufungulia tamthilia, mkali, wa kipuuzi, mzuri kuliko muziki wote.

"Kijani!" mama mkwe alipiga kelele. "Kijani, baba!"

Nilishuka nimejaa ushindi. Sebuleni hapakuwa na mtu ila yeye. Kochi la marehemu lilikuwa tupu, na kitambaa chake hakijakunjamana. Nilikagua nyuma ya pazia kama mpumbavu yeyote, nikalifunga dirisha.

Nilipakua chakula, nikamletea, nikakaa nimtazame. Alikula. Kijiko, kingine, kingine. Skrini ilimwangaza uso, na mashavu yake yakawa tena ya mtu aliye hai. Nilitamani daktari aone, na fundi, na shemeji na miwani ya mtaalamu wake. Spana moja na hesabu ya jioni moja.

"Baba," alisema wakati wa matangazo ya sabuni. "Huko juu ulikuwa unagombana na nani?"

"Mtu fulani alikuwa anachezea sauti dirishani. Watu hawana kazi."

"Sauti ya nani?"

"Ya kuiga, Mama. Alijaribu kuiga ya marehemu, ikamshinda."

Kijiko kilisimama.

"Ilimshindaje?"

Nilitaka kumwambia aendelee kula. Lakini alikuwa amegeuka kutoka kwenye skrini, na tangu msiba sikuwahi kumwona akiiacha ikiwa inawaka.

"Aliniita kwa neno ambalo binti yako... ambalo mke wangu hakulitumia. Basi nikajua kwamba ni mwongo, nikamfukuza."

"Neno gani?"

"Kipenzi."

Bibi alinitazama. Hakukuwa na hofu usoni mwake. Ilikuwa huruma, na sijui kama nimewahi kutazamwa kwa namna ya kudhalilisha kama ile.

"Wewe hakukuita hivyo," alisema polepole. "Ulikuwa mkali, ungemcheka. Kwangu mimi ndiko alikokuita hivyo. Kila tukiongea kwenye simu. Kipenzi ana mafua. Kipenzi amepata cheo. Kipenzi amechelewa kurudi, mama, nina wasiwasi." Akaweka kijiko kwenye sahani. "Hakuna mwingine anayejua. Ni mimi na yeye tu."

Tamthilia ilirudi. Tajiri alikuwa hospitalini, anatazama mikono yake.

"Mama," nilisema, "alikuwa ananitoa nje ya paa. Nusu hatua nyingine ningekufa."

"Ndiyo."

"Mke wangu asingenifanyia hivyo."

"Yuko peke yake, baba. Wewe ungefanyaje?"

Maelezo ninayo sasa, kadhaa, na yote ni mazuri: uchovu, mwangwi wa kuta, mtu mwenye njaa na mtu mwenye msiba katika nyumba moja isiyo na umeme. Ningeweza kuyafundisha darasani. Hakuna hata moja linaloeleza lile neno.

Mama mkwe alinisogezea sahani. Ilikuwa tupu kabisa.

"Niongeze."

Niliruka kutoka kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi aombe kuongezewa. Nikamjazia, nikamrudishia.

"Kula, Mama. Kula upate nguvu."

"Ndiyo," alisema, akitafuna, macho kwenye skrini. "Maana ngazi yenu ile ni ndefu. Na wewe ulimfukuza. Kesho jioni utanishikia chini, nipande mimi."

Asubuhi nililiita dishi upuuzi, nikaiita ngazi kuni, nikaikata kwa msumeno vipande vya urefu wa mkono, nikavipeleka kwa jirani. Mama mkwe alikuwa mlangoni akinitazama. Mchana aliniomba chakula, ingawa haukuwa wakati wa tamthilia. Sasa anakula mara tatu kwa siku. Anatembea uani, anainua ndoo, anajaribu kupanda juu ya viti.

Daktari anasema hajawahi kuona mtu wa umri wake akipata nafuu haraka namna hii.