Swichi ya Miguu Tisa

Haya, bisheni. Domo mwenyewe akikisimulia kisa hiki kwa kinyozi huanza hivyohivyo: anayemwona mwongo na akae na kile kikopo jioni moja tu, peke yake, mlango umefungwa. Mpaka leo hajajitokeza mwanamume.

Domo aliacha shule mapema, eti walimu walikuwa wanamchelewesha. Redio, feni, simu zilizotumbukia chooni, hakuna kilichomshinda; na kama hujui hilo, atakwambia mwenyewe kabla hujaketi. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Mengine yote aliyasema kwa gitaa, kwenye bendi ya ukumbini. Wiki sita zilizopita aligongwa na lori barabarani, pedali ya gitaa ikiwa kwapani.

Jioni moja, siku chache baada ya mazishi, Mama aliileta pedali hiyo karakanani kwa Domo, kaivingirisha katika shati la marehemu. Kaka aliiunda mwenyewe ndani ya kikopo cha biskuti. Ukikanyaga swichi, gitaa hulia kwa mwangwi. Ukikanyaga tena, sauti hupita moja kwa moja, kavu, kama ilivyo. Wenzake wa bendi walitaka kupiga nayo kesho yake, kumuaga. Lakini ilikuwa bubu.

"Kaka yako alisema hii unaiweza wewe tu," Mama alimwambia. "Nataka niisikie, mwanangu. Mara moja tu, roho yangu itulie."

Domo akajibu kuwa hiyo ni kazi ya dakika kumi. Mama akatoka taratibu. Jua likazama.

Akafungua kikopo. Swichi ya namna ile ina miguu tisa, mistari mitatu ya mitatu, mraba kamili. Hapo ndipo mafundi wa kubahatisha hujiumbua, Domo hupenda kusema. Mraba hauna mbele wala nyuma. Ukiigeuza swichi robo tu, waya zote zitaonekana zimekaa sawa, kumbe umeziunganisha ovyo. Alama ni moja: vimiguu ni bapa, na ubapa wake sharti ulale.

Hivi vilikuwa vimesimama.

Pengine ajali ndiyo iliyoizungusha, huwaambia wasikilizaji wake. Akazichomoa waya, akaigeuza swichi, akachomelea upya. Moshi wa risasi ya kuchomelea ukapanda. Halafu ikaja harufu nyingine... mafuta ya taa. Kaka alikuwa akisafisha nyuzi za gitaa kwa mafuta ya taa. Mle karakanani hamkuwa na hata tone.

Akaunganisha pedali na spika. Gitaa hakuchomeka, alitaka kusikia kama kuna mkoromo tu. Akakanyaga.

Sssss...

Ko. Ko. Ko.

Akageukia mlango. Kimya. Akasogeza sikio kwenye spika.

Ko. Ko. Ko.

Akajipa moyo: mguu mmoja ukikosa waya wa ardhi, pedali hudaka kila takataka inayopita hewani, hata redio ya jirani. Akaufunga waya wa ardhi. Sauti ikabaki. Akachomoa betri, akaishika mkononi, ya baridi.

Ko. Ko. Ko.

"Domo..." Sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. "Mdogo wangu. Fungua. Najua umo ndani."

Betri ikamponyoka.

Alipogeuka, Mama alikuwa kasimama mlangoni, amesahau alichorudia. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Redio hiyo, Mama."

Kesho yake pedali ililia vizuri mpaka mpiga ngoma akashindwa kumaliza wimbo. Mama alimshika Domo mkono mbele ya ukumbi mzima, akamwita fundi wa kaka yake. Domo, ambaye sifa ni chakula chake, aliinama akatazama viatu.

Kisa huishia hapo. Watu huguna, kinyozi humtania kwamba uongo wake siku hizi una waya.

Juzi kinyozi hakutania. Alisimamisha mashine, akauliza kwa upole: mbona Mama huonekana karakanani kila magharibi?

Domo akatazama nywele zake sakafuni. Akasema Mama huja na kigoda, huketi karibu na spika, husubiri. Sauti haikosi, na haiongezi neno. Na kila ikinyamaza, Mama humgeukia na swali lilelile: "Ndani ya wapi, mwanangu?"

"Nawe humjibu nini?"

"Redio."

Kinyozi akaiweka mashine mezani.

"Sikuwaambia yote," Domo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Swichi ile niliifunga mimi, siku moja kabla ya onyesho. Sikutazama ubapa. Nikamwambia kaka, nenda, kazi ya fundi hiyo. Alipoikanyaga jukwaani gitaa likakata, ukumbi ukamcheka. Nilipigiwa simu, nikajua. Akaja nayo kwa miguu, akanigongea mara tatu. Hakuwa na hasira, kaka yangu hakujua hasira. Alitaka nimrekebishie arudi amalizie."

Akapangusa nywele magotini.

"Nilizima taa. Nikakaa chini ya meza, nimebana pumzi, mpaka nikasikia viatu vyake vinaelekea barabarani."