Shija Alinishusha Duarani, Kisha Akanikana

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa kijiji cha Samuye, mhitimu wa jiolojia. Ninawaandikia kwa mkono wa kushoto... wa kulia waliuvunja.

Tangu sekondari tuliambiwa kazi ya miamba si ya msichana. Wenzangu walionishinda fizikia waliamini, wakachagua masomo mengine. Mimi? Nani kathibitisha! Nikasoma, nikahitimu.

Mchumba wangu, Shija, alisimamia duara, shimo la wachimbaji wadogo nje ya mji wa Geita. Huko mwanamke hashuki. Wanasema dhahabu hukimbia. Shija mwenyewe alinibembeleza nishuke Jumapili, wenzake wakiwa hawapo, nimwoneshe mwamba wa dhahabu unakoelekea. Nikamwonesha. Wakapata dhahabu nzuri... sifa zote akabeba yeye!

Kisha mwamba ukakatika, dhahabu ikaisha. Wachimbaji wakachinja mbuzi kusafisha duara na mkosi. Nami nilikuwa pale juu na Shija, nikacheka mbele yao.

"Mbuzi naye kasomea miamba?"

"Cheka, msomi," mmoja akajibu. "Kuna mwanamke kaingia humu. Tutamjua tu."

Wakamgeukia msimamizi wao. Jamani! Shija akaninyooshea kidole.

"Ni huyu. Aliingia kwa wizi."

Nilifungua mdomo kukanusha, mpini wa sururu ukanipata hapo hapo. Nikatema meno... Wakaniburuta kwa nywele, wakanipiga mateke ya mbavu. Mmoja akaukanyaga mkono wangu juu ya jiwe, mwingine akashusha nyundo. Niliusikia mfupa! Shija alisimama pale pale, akitazama pembeni.

Mama ntilie mmoja aliwamwagia maharage ya moto, ndipo wakaniachia.

Hospitalini mama alilia, "Ng'wana wane, mwanangu, si tulikukataza?" Hilo liliniuma kuliko nyundo. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi?

Nimelala nikiwaza. Wenzangu walikiogopa kikwazo kabla ya kukiona. Mimi nilidhani nikikicheka kimekwisha. Hakuna kati yetu aliyeuliza: kinashikiliwa na mikono ya nani?

Juzi binti wa kidato cha sita kutoka kijijini kwetu alinijia. "Shikamoo dada. Nichague jiolojia, au niache?"

Kwanza nilimwonesha mkono uliovunjwa.

"Chagua," nikamwambia. "Lakini usishuke kwa siri ya mwanamume. Shuka kwa jina lako, watu wakijua."

Wadogo zangu, nawasihi! Kazi mliyoipenda msiikimbie, wala msiifanye kwa kujificha. Nilijificha ili nimpendeze mtu... na siku ya kipigo nilikuwa peke yangu.