Bushi Ndani ya Kopo

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu zote. Fundi Sikio alifungua gereji, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, akawasha redio, kisha akakaa juu ya kreti na kikombe chake cha chai, akibishana na mtangazaji ambaye hakuwa na njia ya kumjibu. Aliyeyasimulia haya ni mkereza vyuma, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mkereza si mtu wa kutia chumvi. Chuma chenyewe hukipima mara tatu kabla ya kukikata.

Jina la Sikio lilitokana na bisibisi. Wenzake huanza kulikagua gurudumu kwa macho. Yeye huinua pikipiki juu ya kreti, hulizungusha gurudumu kwa mkono, huigusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kitovu chake, huweka mpini sikioni na kufumba macho. Beringi nzima huimba sauti moja laini. Iliyochakaa huguruma kama mtu anayetafuna mchanga. Watu waliapa kwamba hajawahi kukosea. Alikuwa amekosea mara moja, na hakuna aliyejua ila yeye.

Miaka miwili nyuma, mdogo wake wa tumbo moja alimletea pikipiki abadilishiwe beringi za nyuma. Lilikuwa dude refu, la kukimbia lami na kupanda milima vilevile. Katikati ya beringi zake mbili hukaa bushi, kipande cha bomba cha urefu wa kidole, ambacho huzitenganisha zisibanwe ekseli inapokazwa. Siku hiyo gereji ilifurika wateja. Sikio alikuwa anataniana na huyu, anamjibu yule, huku anagonga beringi mpya. Akakaza nati.

"Kaka, kila kitu?" mdogo wake aliuliza akivaa helmeti.

"Kila kitu."

Saa nane mchana aliinua kitambaa apanguse mikono, akaikuta bushi chini yake. Alishika simu. Kisha aibu ikamshika yeye, fundi mzima wa miaka ishirini, akajisemea kwamba kesho atamwita mdogo wake na kulimaliza kimyakimya. Kesho haikufika. Gurudumu lilikaba kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto, na walipomwinua mdogo wake, alikuwa ameshakata roho.

Bushi aliificha ndani ya kopo la grisi juu ya rafu. Baada ya msiba alilifufua lile dude, akairudisha bushi mahali pake, na yaliyobaki akayameza. Pikipiki ikawa ya shemeji yake, mjane. Alikuwa nesi. Kila siku alifunga boksi la chanjo nyuma ya kiti akaenda kwenye vijiji ambako gari halifiki.

Basi Jumatatu hiyo, chai haijaisha, shemeji akaingia.

"Za asubuhi, shemeji. Linavuma hili."

"Linavuma wapi?"

"Nyuma. Nikishuka kule machimboni."

Sikio alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalifungua huku anapiga soga, akatoa sili ya kuzuia vumbi, akang'oa beringi, akaingiza kidole ndani ya kitovu. Soga ikakatika. Hakukuwa na bushi.

Alienda kwenye rafu kama mtu anayetafuta grisi. Lile kopo lilikuwa tupu tangu siku aliyoitoa bushi. Alipolifungua, bushi ilikuwa ndani, imelala kwenye grisi iliyokauka. Ilikuwa ya moto, kama iliyotoka sasa hivi kwenye gurudumu linalozunguka.

"Umeona tatizo?" shemeji aliuliza.

"Beringi tu zimechoka."

Safari hii alifanya kazi kwa nidhamu ya mtahiniwa. Aliikanda habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, kwa maji ya moto ipanuke, akatanguliza beringi ya kwanza, akaitia bushi, akaitazama, akaigusa, akaitazama tena. Akafunga. Mwisho akachora mstari wa rangi nyeupe kuvuka nati, ili mkono wowote utakaoifungua uache ushahidi. Gurudumu lilizunguka kimya. Shemeji alishukuru, akaondoka.

Alhamisi akarudi.

"Linavuma tena, shem."

Mstari mweupe haukuwa na hata ufa. Sikio alifungua. Habu tupu. Hakutaka kwenda kwenye rafu, lakini miguu ilimpeleka. Kopo lilikuwa la moto hata kabla hajaligusa vizuri.

Akaenda kwa mkereza. "Nikatie bushi kama hii. Nene zaidi kidogo."

Mkereza aliipima ile ya zamani mara tatu. Alikata bushi mpya, na Sikio akaiingiza kwa nyundo, imebana kiasi kwamba hata yeye mwenyewe asingeweza kuitoa bila kuikata.

Jumanne iliyofuata shemeji alirudi. Ndani ya kopo zilikuwa mbili, ya zamani na ya mkereza.

Siku hiyo kabla ya kufungua chochote, Sikio alikuwa ameweka bisibisi sikioni. Alisikia ngurumo ya kawaida, mchanga ukitafunwa. Kisha ngurumo ikakoma. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Kwenye mpini, karibu kabisa, mtu akavuta pumzi.

"Kaka. Kila kitu?"

Bisibisi ilianguka chini. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakushtuka. Alimtazama tu.

"Vipuri vimeisha," Sikio alisema. "Pikipiki inalala hapa."

"Kesho nina watoto wa chanjo."

"Panda gari."

"Gari halifiki kule. Unajua."

"Shemeji, nakuomba."

Aliondoka kwa miguu. Sikio aliliingiza gurudumu stoo, akatia kufuli, akaenda na ufunguo nyumbani. Hakulala. Ilimkaa kichwani kwamba sauti ile haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa inauliza tu, kama siku ile, na ingeendelea kuuliza mpaka ijibiwe ukweli. Kulipokucha alikuwa ameamua kusema.

Shemeji alifika saa mbili, boksi la chanjo mkononi.

"Kaa, shemeji."

"Nimechelewa."

"Kaa kidogo tu."

Hakukaa. Sikio akamwambia akiwa amesimama hivyohivyo. Kitambaa, bushi, simu aliyoishika akaiacha, kopo. Jambo lililomla miaka miwili lilikwisha kusemwa kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha. Alilia, bila kuficha uso. Shemeji alisikiliza huku akichezea funguo zake.

"Najua," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe."

Redio ikaingia mikwaruzo. Shemeji akashusha sauti. "Ananisemesha kule mteremkoni. Mwanzoni alikuwa analia tu. Siku hizi ananiita. Ukiweka bushi anakaa kimya siku mbili tatu, nami siziwezi hizo siku. Nifungie gurudumu, shemeji."

"Siwezi."

Shemeji alimpita, akaenda stoo. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Gurudumu lilikuwa limesimama wima katikati ya sakafu, halijaegemea chochote, na beringi zake zote mbili zilikuwa ndani. Sikio alizikumbuka vizuri. Alikuwa ameziacha kwenye droo.

Shemeji alilivingirisha nje. Aliingiza ekseli, akarudisha mnyororo, akakaza nati kwa spana ndefu, taratibu, kama alivyofundishwa na mumewe, ambaye naye alifundishwa na kaka yake. Kisha akaliweka boksi lake juu ya benchi na kupanda. Sikio alishika usukani kwa mikono miwili.

"Utakufa. Unanisikia? Utakufa."

"Miaka miwili umenyamaza." Aliyasema bila uchungu, kama anavyomwambia mgonjwa akunje mkono wa shati. "Nyamaza na leo."

Na mikono ya Sikio ikalegea. Hilo ndilo alilolirudia kwa mkereza mara nyingi kuliko yote. Hakuna nguvu iliyoibandua. Ililegea yenyewe, kwa aibu ileile ya siku ile ya kitambaa.

Mlio ulipopotea barabarani, aligeuka akaliona boksi la chanjo. Lilikuwa limewekwa vizuri, kivulini, mfuniko umebanwa. Safari hii alipiga simu. Alipiga upesi, vidole vikikosea namba. Simu ya shemeji ikaita papo hapo, juu ya boksi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, barabara kavu. Mteremko uleule. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaba kiasi kwamba wanaume wanne hawakuweza kulizungusha.

Wiki moja baada ya mazishi, Sikio alileta kopo kwa mkereza. Alimsimulia yote, akiangalia sakafu.

"Zikate vipandevipande," alisema. "Zote mbili."

Mkereza alilipindua kopo juu ya meza. Akainama, akapekua kwa kidole.

"Hii ya kiwandani. Hii yangu, naijua mikwaruzo yake. Hii ya tatu nani kakukatia?"

"Ziko mbili."

"Hesabu mwenyewe."

Ya tatu ilikuwa fupi, nyembamba, safi. Mkereza aliishika kisha akaiachia haraka, akapuliza vidole. Ameshika bushi za kila aina maishani mwake, na hii hakuhitaji kuipima.

"Hii ni ya pikipiki ndogo," alisema polepole.

Nje, ukutani, ilikuwa imeegeshwa pikipiki ndogo ya Sikio. Asubuhi hiyo ndiyo aliyokuja nayo. Gurudumu lake la nyuma halijawahi kufunguliwa tangu inunuliwe mpya.

"Usiipande," mkereza alinong'ona.

"Siipandi. Nitaisukuma mpaka nyumbani."

Akaisukuma. Mkereza alisimama mlangoni akimtazama. Hata kwa mwendo ule wa kuvuta miguu, gurudumu la nyuma lilikuwa linavuma. Sikio alitembea ameinama upande, sikio ameliteremsha karibu na kiti, kama mtu anayesemeshwa na watu wawili kwa pamoja. Alitikisa kichwa kukataa. Akatikisa tena. Karibu na kona, kule barabara inakoanza kuelekea machimboni, alisimama kwa muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Kopo liko kwa mkereza hadi leo, nyuma kabisa ya rafu. Hajalifungua tena kuhesabu. Ukisogeza mkono, bati lina joto, asubuhi na jioni, hata siku za mvua. Alikuwa na baiskeli nzuri, aliyoipenda. Siku hizi anakwenda kazini kwa miguu.