Ubao Usiovunjika

Siku ya kwanza Lydie aliporuka na ubao mpya, ubao haukulia. Skate, ubao wenye magurudumu, ikitua kwenye saruji hupiga kelele, na majirani wa mtaa wa Saio walikuwa wameizoea kelele hiyo, wakaichukia. Safari hii magurudumu yaligusa chini kimya, na kitu kikavunjika kwa mlio mkavu nyuma ya jiko. Mbwa wake, aliyezoea kumngoja kila jioni, alianza kulia. Mguu wa mbwa ulikuwa umevunjika, na hakukuwa na mtu karibu naye.

"Labda jiwe," alisema Dany, rafiki aliyemfundisha mchezo huo.

Jiwe gani! Lakini mtu huona anachotaka, na Lydie alitaka ubao. Kabla ya ubao huu, zile za kununua sokoni zilikuwa zimekatika katikati moja baada ya nyingine, na Jumapili kulikuwa na mashindano ya kumchagua mchezaji wa kwenda Kinshasa. Dany alimweleza ubao mzuri unavyochaguliwa: tabaka nyembamba za mti mgumu zilizobanwa kwa gundi, ukisimama katikati uiname kidogo na kurudi, ukiugonga usitoe sauti ya ufa. Wa namna hiyo mjini Bunia hawakuupata. Ndipo wakaenda kwa fundi Evariste, aliyechimba dhahabu kabla ya kushika randa. Akawatolea mti mweusi, mzito, wa kuchonga ubao.

"Hii muti haivunjikake, mama," alimwambia Lydie. "Ilibeba udongo miaka mingi ndani ya shimo."

La pili hakulisema. Shimo lenyewe, upande wa Djugu, liliporomoka likafukia watu, na wachimbaji wote, Wakristo kwa Waislamu, wana mwiko: mti wa shimo lililokula watu hautolewi, unaachiwa mwenye shimo. Evariste aliuchomoa kwa siri. Tamaa mbele, mauti nyuma, ila mauti hayakumfuata yeye.

Lydie aliporuka ngazi za duka lililofungwa, akatua bila sauti, mama yake Scholastique alikuwa nyumbani akisuuza sahani. Mkono wake ulivunjika ndani ya beseni. Lydie alimkuta amekaa chini, na nyumba nzima ilinuka tope bichi lililofungiwa bila hewa.

"Sikuanguka, mutoto yangu," mama alinong'ona. "Kuna kitu kilinikalia ku mukono."

Binti mwingine angeutupa ule ubao chooni. Huyu aliubeba hadi uani, akasimama mahali alipoweza kumwona mama yake dirishani, akiwa amelala na mkono umefungwa vijiti, akaruka kidogo tu, mruko wa kitoto, ili ahakikishe, na kabla magurudumu hayajatulia akasikia ubavu ukivunjika mle chumbani, kisha pumzi ya mama ikivutwa na kukwama, na chini ya pumzi ile sauti nyingine, nzito, ya mtu anayetua mzigo na kushukuru.

Akaenda peke yake kwa mwalimu mmoja wa Kurani ambaye wachimbaji humwendea wakiwa na shida, akamsimulia yote. Mwalimu hakuugusa ubao. Alifunika pua kwa kanzu.

"Ni jini ya shimo," alisema polepole. "Kazi yake ni kubeba. Uzito yote inaipokea, inaitua kwa mwenye anakupenda. Ilianza ku mbwa, sasa iko kwa mama yako. Rudisha ubao ku shimo yake leo. Itashuka na muti yake, itabaki kule."

"Nikirudisha kisha ya Jumapili, haiwezekane?"

Mwalimu alimwangalia, akafunga mlango wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema guu la nani.

Jumamosi Lydie alimpakia mama kwenye gari la kwenda mji wa Mahagi, kwa mama mdogo Clémence, akijidanganya kwamba umbali ungemkinga. Mama hakujua lolote.

"Weye ruka tu," alimwambia dirishani. "Mi nitakuombea."

Jumapili Lydie alipanda juu ya ngazi, umati ukamwita kwa jina, na harufu ya tope ikamjaa puani hata akahisi udongo kati ya meno, akamkumbuka mama, akamkumbuka vizuri kabisa, uso na sauti na mkono wenye vijiti, na akiwa bado anamkumbuka akasukuma mguu, akaruka, ubao ukazunguka hewani mara mbili, ukarudi chini ya nyayo zake, ukatua kimya. Watu wakalipuka kwa shangwe. Hakuna mchezaji aliyemkaribia kwa alama.

Simu ya Clémence iliita kabla hajapewa mkono wa pongezi.

"Alikuwa anakaa tu ku kiti," mama mdogo alilia. "Alikuwa anakuombea. Shingo, Lydie, shingo yake..."

Nisimsingizie: matangani alilia kweli, akakataa kula. Watu walipotawanyika, Dany alibaki. Yeye habari za mwalimu hakuzijua.

"Kinshasa batakupatia ubao ingine," alimwambia kwa upole.

"Ingine itavunjika."

Dany akamshika mkono. "Usiogope. Mi niko. Nakupendaka tangu zamani, Lydie, ila nilikuwa na haya."

Lydie akapangusa machozi. Akautazama ubao ukutani, usio na mkwaruzo hata mmoja, kisha akamtazama Dany, mabega yake, magoti yake, shingo yake.

"Sana?" akamwuliza.