Soli ya Tairi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Buhongwa, Kashindye hufungua banda lake kando ya barabara ya Shinyanga. Yeye ni fundi wa matairi. Huziba pancha, hujaza upepo, na hubishana na madereva wanaotaka tairi lililokufa lifufuke. Ana miaka thelathini na sita. Mkewe, Teodora, ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani nyumbani. Wana watoto wawili, kuku saba na amani ya kutosha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kila mgeni wa nyumba ile alilijua ndani ya nusu saa. Akiwa kidato cha tatu kule Sengerema, Kashindye alishinda mbio za mita elfu tano, akawa wa kwanza kwa shule zote za wilaya. Tena alikimbia pekupeku. Teodora aliisikia hadithi hiyo mara nyingi hata akajua mahali pa kuitikia "enhee."

Tangu siku zile Kashindye hakukimbia tena, labda kukimbia mvua. Kitambi kilianza kuchungulia. Mwaka jana alipimwa zahanati, akaambiwa shinikizo la damu limepanda kidogo, apunguze chumvi na autembeze mwili. Aliitikia, akarudi bandani, akaketi juu ya tairi lake kama kawaida. Lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Baba yake alipooza upande mmoja akiwa na miaka arobaini na minane tu.

Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya, mwenyekiti wao Mama Getruda alileta tangazo. Parokia inatimiza miaka hamsini. Kila jumuiya itatoa wakimbiaji wanne wa kupokezana kijiti, kila mmoja kilomita tatu. Mbio zitakuwa baada ya wiki tisa. Alipomaliza kusema, watu wote walimgeukia Kashindye.

Hakuna aliyemuuliza kama bado anaweza. Naye hakujiuliza. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ninaliandika hapa mapema maana mengine yanakuja.

Wiki hiyohiyo alinunua raba za mtumba, za bluu, zinazong'aa. Zilimbana vidole. Muuzaji alisema zitaachia zenyewe akizivaa. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, lakini hilo halikumtisha mtu anayeishi kwa mpira wa matairi. Alikata kipande cha tairi la lori, akampelekea Shigela, fundi viatu aliye jirani na banda lake, pamoja na raba hizo. Shigela alikipiga gundi chini ya soli, akakishona kwa uzi mnene, akakichonga kingo. Kazi ilikuwa safi. Shigela akasema viatu hivi Kashindye atawarithisha wajukuu.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Kashindye alitoka mbio juu ya lami kuelekea Usagara. Alikimbia kwa mwendo wa mvulana wa miaka kumi na saba. Kifua kiliwaka moto, lakini moyo wake ulifurahi sana. Alirudi akichechemea kidogo, akamwambia mkewe kwamba damu ya ubingwa haizeeki. Akaenda tena kesho yake, na keshokutwa, na kila siku isipokuwa Jumapili.

Wiki ya pili muundi wa mguu wa kulia ulianza kuuma, yaani ule mfupa wa mbele, chini ya goti. Mwanzoni uliuma akianza kukimbia, kisha ukanyamaza akipata joto. Akaona ni dalili njema. Wiki ya tatu uliuma kutoka mwanzo hadi mwisho wa mbio. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi. Kupanda ngazi za kanisa kukawa kazi. Kila jioni Kashindye alimwomba Teodora amkande kwa maji ya moto na kuusugua mfupa kwa nguvu, naye aling'ata kona ya shuka ili watoto wasimsikie.

Siku moja Teodora aliweka kitambaa chini.

"Baba Princess," alisema, "mimi sikukandi tena. Nakukanda, mguu unauma zaidi. Mwambie Mama Getruda atafute mtu mwingine."

Kashindye aliushusha mguu chini. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nikiacha sasa, sitaanza tena. Najijua. Nitarudi kukaa juu ya tairi mpaka yanikute ya baba."

Teodora alijifunga khanga, akatoka. Alirudi na jirani yao, Dorcas Okomo, mama wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Shirati, asiyependa kuzunguka maneno. Mtaani wengi walidhani ni nesi, maana kila siku hupanda gari la mjini na koti jeupe mkobani. Kumbe kazi yake ni tiba ya viungo. Huwasaidia walioumia watembee tena.

"Shikamoo, dada," alisema Kashindye, akijaribu kusimama.

"Marahaba. Kaa hapohapo."

Dorcas aliupapasa muundi polepole, kutoka chini kwenda juu. Akauliza panauma sehemu ndogo kama ncha ya kidole, au panauma pote. Kashindye akasema panauma pote, upande wa ndani, urefu wa kiganja. Je, unauma akiwa amelala? Hapana. Akamwambia aruke kwa mguu mmoja. Aliruka mara tatu. Aliumia, lakini aliweza.

Dorcas akawaeleza. Nyama na utando vilivyoshika mfupa vimechoka kwa sababu ya mzigo mkubwa wa ghafla. Hilo hupona. Lakini kuna dalili ambazo mtu hapaswi kuzifanyia mchezo: maumivu ya mahali pamoja padogo, maumivu ya usiku mtu akiwa amelala, uvimbe, au kushindwa kuruka kwa mguu ule. Hizo zinaweza kuwa ufa katika mfupa, na lazima apigwe picha hospitali. Akamtaka Kashindye aje kazini kwake hospitalini kesho yake apimwe vizuri, na shinikizo la damu lipimwe pia kabla hajafikiria mbio tena. Kuhusu kukanda, alisema Teodora ameona sawasawa. Mahali palipochubuka ndani hapasuguliwi kwa nguvu.

"Sasa nionyesheni viatu," alisema.

Teodora alivileta. Dorcas akajaribu kukikunja kimoja. Kilikataa. Akaminya kisigino kwa gumba. Hakikubonyea hata kidogo. Akakigeuza, akaiona alama ya tairi la lori, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, hiyo soli haiishi," Kashindye alijitetea.

"Naamini. Mguu ndio utakaoisha. Wewe ni fundi wa matairi. Gari likitembea na tairi lenye mpira mzuri, lakini halina upepo, nini kinatokea?"

"Rimu inakufa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila shimo linapiga chuma moja kwa moja. Upepo ndio unaopokea kishindo."

"Haya. Kwenye raba ya mbio, upepo ni ile sponji iliyo juu ya soli. Hapa sponji ilishakufa, na juu ya maiti umeshona lori. Sasa nionyeshe rimu iko wapi."

Kashindye aliutazama muundi wake. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwafundisha madereva jambo hilohilo, na wengine aliwaita wabishi.

Akabisha kidogo hata hivyo, maana naye ni binadamu. Akasema shuleni alikimbia pekupeku na hakuumia. Dorcas akamuuliza siku hizo alikuwa na kilo ngapi. Akamuuliza pia alikimbia juu ya nini. Juu ya udongo wa Sengerema. Na kabla ya mbio zile alikuwa ametembea kwenda shule na kurudi kwa miaka mingapi? Miaka tisa. Mwili ule ulikuwa umejengwa polepole bila mwenyewe kujua. Mwili wa leo umekaa juu ya tairi miaka kumi na miwili, kisha umebebeshwa tani saba kwa siku moja.

Hospitalini ilionekana mfupa ni mzima, na shinikizo halikuwa la kumzuia. Dorcas alimpangia namna ya kurudi. Wiki mbili asikimbie kabisa. Atembee kadiri mguu unavyokubali, aendeshe baiskeli, na kila siku asimame kwenye ngazi, apandishe visigino na kuvishusha taratibu, ili misuli ya nyuma ya mguu ipate nguvu. Maumivu yakitulia, aanze kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane. Akimbie siku moja, siku inayofuata apumzike. Akimbie kwenye njia ya vumbi, si lami. Mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kukimbia huku anazungumza. Akishindwa kuzungumza, apunguze.

"Na usimwulize saa wala mke wako kama umekimbia vizuri," Dorcas alimwambia. "Mwamuzi ni asubuhi ya kesho. Ukitoka kitandani, ile hatua ya kwanza. Muundi ukinyamaza, endelea. Ukiuma kuliko jana, rudi nyuma wiki moja."

Kazi iliyomtisha Kashindye zaidi ilikuwa kwenda kwa Mama Getruda. Alieleza yote, macho chini. Mama Getruda akamsikiliza, akasema yeye aliomba mkimbiaji, hakuomba marehemu. Walikubaliana kijana Pius, mpiga kinanda, ajiandae kama mtu wa akiba. Wiki ya mwisho wataamua.

Viatu walikwenda kuvitafuta Mlango Mmoja, kwenye mitumba, yeye na Teodora. Walikwenda jioni, kama Dorcas alivyoelekeza, kwa sababu jioni miguu huwa imevimba kidogo, na ndivyo inavyokuwa mtu akikimbia. Kashindye alivaa soksi zake za mbio. Teodora, ambaye kazi yake ni kupima watu, alipiga magoti na kubonyeza mbele ya vidole. Gumba lake lilipaswa kuenea kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Walikataa jozi kumi na moja. Nyingine zilikuwa nzuri kwa macho, lakini sponji yake ilikuwa ngumu au ina mikunjo kama uso wa mzee. Nyingine zilikuwa zimelalia upande. Jozi ya kumi na mbili ilikuwa ya kijivu, imechakaa juu, lakini soli haijalika, na sponji ukiiminya inabonyea kisha inarudi. Kashindye alitembea nayo, akaruka, akakimbia mpaka kwenye meza ya mwisho na kurudi. Muuzaji alimfuata nyuma kwa wasiwasi.

Zile za bluu alimrudishia Shigela, akamweleza kisa chote bila kumlaumu. Shigela akasema basi yeye atazivaa shambani kwake, maana mwiba hauwezi kupita pale. Anazo mpaka leo.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kudhalilisha. Bingwa wa wilaya akimbie dakika moja, kisha atembee, huku wanawake wenye ndoo wakimpita na kumpa pole? Mara mbili alitaka kuongeza mwendo. Mara moja aliongeza. Kesho yake muundi ukamsemesha, akarudi nyuma wiki nzima bila kulazimishwa na mtu. Baada ya mbio alivua raba zake, akazianika kivulini, si juani, sponji isije ikakauka. Wiki ya mwisho alikimbia kilomita tatu bila kusimama, akizungumza peke yake njiani ili kuupima mwendo. Asubuhi iliyofuata mguu ulinyamaza. Mama Getruda akamwambia Pius abebe maji.

Siku ya jubilei jumuiya saba zilijipanga kwenye njia ya vumbi nyuma ya parokia. Kashindye alikuwa wa tatu kupokea kijiti, na alikipokea timu ikiwa nafasi ya pili. Alianza polepole. Kabla ya nusu ya njia, kijana wa jumuiya nyingine alimpita kwa kishindo. Watu wakapiga kelele. Kashindye akahisi yule mvulana wa Sengerema anaamka ndani yake, anataka kufukuza.

Alijaribu kusema salamu moja ya Maria kwa sauti. Pumzi ilitosha, basi huo ndio ulikuwa mwendo wake. Akaendelea nao, akamaliza nafasi ya tatu, na timu ikabaki hapohapo mpaka mwisho. Walipewa gunia la mchele. Mama Getruda aliimba njia nzima ya kurudi kana kwamba wamepata la dhahabu.

Kashindye hakuimba sana. Alikuwa anamsubiri mwamuzi.

Asubuhi yake aliamka kabla ya kuku. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu. Kisha akashusha mguu wa kulia kwenye saruji, akausimamia kwa uzito wote. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili, mpaka dirishani.

Teodora alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Vipi?" aliuliza.

"Kimya."

Kashindye alisema hivyo, akalifungua dirisha. Alikuwa anamfikiria baba yake.

Teodora akatupa shuka pembeni, akakaa. "Leo ni siku yako ya kupumzika, sivyo? Ya kutembea tu?"

"Ndiyo."

"Basi njoo hapa unishikie kiatu," alisema, akivuta raba kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amezinunua Mlango Mmoja bila kumwambia mtu. "Weka gumba lako mbele ya vidole. Linaenea?"

Kashindye alipiga magoti, akabonyeza. Lilienea.