Abiria Asiyeambiwa Shuka

Siku ya Idi, mtoto anayepanda ngamia ufukweni Clifton, mjini Karachi, hupiga kelele mara mbili: ngamia anapoinuka, na anaposhushwa. Ya kwanza ni ya hofu, ya pili ni ya kudai mzunguko mwingine. Idi ile, mteja wa kwanza wa Dilmurad alipiga ya kwanza tu. Alishuka kimya, akamshika mama yake mkono, wakaenda zao. Wa pili vivyo hivyo. Wa tano, msichana mwenye bangili za kioo hadi kwenye viwiko, alisimama akiitazama bahari kama mtu anayetazama ukuta.

"Wewe unawapandisha ngamia au unawanywesha dawa ya usingizi?" Sabzal alimtania. Sabzal alikuwa na ngamia wake hatua chache kutoka hapo.

"Wameshiba tambi za maziwa hao," alijibu Dilmurad. "Kesho watacheka."

Hakuwa na nafasi ya kufikiri. Nusu ya Karachi ilikuwa imemwagika mchangani, na kila familia ilimtaka Moti, ngamia wake, kwa sababu ya vishada vyake vyekundu na njuga miguuni. Hata njuga zenyewe siku hiyo zililia kwa chini chini, kama zilizofungwa kitambaa. Dilmurad alidhani ni mchanga umeingia.

Wabalochi wa ngamia wana desturi yao pale, na ukiwauliza watakwambia ni mchezo wa wazee. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, ngamia anapigishwa magoti pale mawimbi yanapoishia, na mwenye ngamia anamwambia mwenye bahari asiyeonekana, "Panda, mwenyeji." Anamtembeza mtupu hadi kwenye mawe na kurudi, anampigisha magoti tena, anasema, "Shuka, mwenyeji, umetuheshimu." Ndipo kazi inaanza. Hakuna anayeamini, na hakuna anayeacha. Asubuhi ile Dilmurad alisema panda. Aliporudi kutoka kwenye mawe alikuta familia ya watu tisa inamsubiri, na Moti hajatulia vizuri chini baba yao akawa ameshampachika mtoto juu ya tandiko. Neno la kushuka likapotea katika zogo hilo.

Neno moja tu! Mimi nimewahi kupitiwa na sala nzima na hakuna aliyenifuata nyumbani. Lakini haya mambo hayana usawa.

Jioni binti yake, Mahganj, alikuwa akimsubiri kwenye kona ya barabara kama kawaida, ili apande Moti hadi nyumbani. Alikuwa na miaka saba na mdomo wa watu kumi. Akiwa juu ya ngamia aliimba, aliwazomea mbuzi wa watu, alimsalimia kila mpita njia kwa jina la uongo. Jioni ile alipanda, akanyamaza. Dilmurad aligeuka mara mbili kuhakikisha hajaanguka.

Nyumbani Moti alipiga magoti uani na akagoma kulala ubavu. Asubuhi walimkuta vilevile, shingo wima, kama ngamia aliyebeba mzigo akingoja kupakuliwa. Tandiko, lililotundikwa ukutani tangu jana yake, lilikuwa linachuruzika maji, na ua mzima ulinuka mwani uliooza juani.

"Baba Mahganj, hili tandiko uliliosha?" aliuliza mkewe, Durbibi.

"Nilioshe saa ngapi?"

Waliangaliana, kisha kila mmoja akajifanya ana shughuli nyingine.

Siku ya nne baada ya Idi, Durbibi alikuwa jikoni akichoma mikate, mtoto amekaa pembeni yake. Alisikia harufu ya kuungua akadhani ni unga. Akageuza mkate, haukuwa umeungua. Ndipo alipoona kiganja cha Mahganj kimetulia juu ya chuma cha moto, vidole vimenyooka, na mtoto mwenyewe anautazama mkate.

"Mama," Mahganj alisema taratibu, "kuna kitu kinaungua."

Yowe la Durbibi lilisikika mtaa wa pili. Dilmurad aliingia mbio, akauona ule mkono, akaketi sakafuni na kulia mbele ya mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipomzika mama yake. Zahanati walimsafisha kidonda na kumchoma sindano, mtoto hakukunja hata uso. Daktari akamsifu kwa ushujaa. Durbibi alitamani kumrukia.

Jioni hiyo hiyo waliletewa Mai Jannat, Msheedi wa mtaa wa Lyari, wa wale wenye asili ya Afrika, mama mtu mzima anayetoa pepo kwa ngoma. Alimshika Mahganj vidole vya miguu, kimoja kimoja, akanusa nywele zake.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," alisema Dilmurad.

"Na kushuka ulimwambia?"

"Neno lilinipotea."

"Basi hana kosa huyo. Ni abiria, anasubiri kufika." Mai Jannat aliwavuta karibu, akanong'ona ili mtoto asisikie. "Kila aliyepanda naye aliguswa kidogo tu, hao watapona. Huyu wenu alikaa naye kila siku. Anakula kuhisi. Akimaliza maumivu na furaha, atafika kwenye moyo, na moyo nao utasahau kupiga. Wa mtoto ni mdogo. Sidhani kama tuna wiki."

Alfajiri maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelala tambarare na kung'aa, na hakukuwa na mtu ufukweni isipokuwa wao wanne, ngamia, na kondoo dume aliyeletwa na Mai Jannat. Moti alipiga magoti pale pale alipopiga siku ya Idi. Yule mama aliweka sikio kwenye nundu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu mtupu," alisema. "Mgeni wenu ameshahama."

"Yuko wapi?" alinong'ona Durbibi.

Mai Jannat aliwaonyesha kwa kidevu walikotoka, nao wakageuka, wakaona nyayo za Moti zilizokaa juu juu kwenye mchanga uliolowa, na nyayo za watu wazima watatu zilizobonyea kidogo tu, na katikati yao nyayo ndogo za mtoto wa miaka saba, ambazo zilikuwa zimezama hadi kwenye kifundo, moja baada ya nyingine, kuanzia barabarani mpaka pale aliposimama, na kila shimo lilikuwa likijaa maji ya bahari polepole.

Mahganj alizitazama pia. "Ni zangu," alisema, bila kushangaa.

Ngoma ilipigwa. Mai Jannat aliomba, akabembeleza, akatukana, akamsukuma kondoo hadi miguuni kwa mtoto. Dilmurad alisema shuka mara arobaini, mpaka sauti ikamkauka. Kondoo akaokota gunzi la mahindi, akaanza kulitafuna.

"Hawa hawatembei kwa miguu," alisema yule mama, akiwa hoi. "Anatoka mgongo huu kwenda mgongo mwingine, na lazima akaribishwe. Kondoo hana mdomo wa kusema karibu."

"Mimi ninao," alisema Dilmurad.

"Mwanangu, kwa mtu mzima sijawahi kumtoa."

"Moyo wa mtu mzima unachukua muda gani kusahau?"

"Miaka. Lakini miaka gani hiyo?"

"Baba Mahganj, usi..." Durbibi alianza, akamtazama mtoto, akashindwa kumaliza.

Dilmurad alipiga magoti mchangani kama alivyomfundisha Moti, mbele kwanza, kisha nyuma. Alimtazama binti yake kwa bidii, akitaka kuhifadhi chote alichokuwa nacho kifuani wakati ule, ingawa hakujua pa kukihifadhi. Akainamisha kichwa.

"Panda, mwenyeji."

Mikono aliyoegemea mchangani ilizama hadi kwenye viwiko.

Na hapo hapo Mahganj akapiga ukelele uliowarusha shakwe wote. "Mkono! Baba, mkono unaniuma! Mama, unaumaaa!" Alilia, akaruka ruka, akamtukana kila mtu hadi kondoo, na Durbibi akamkumbatia akilia na kucheka kwa pamoja. Moti aliinuka, njuga zikalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Idi.

Dilmurad aliinuka taratibu, kama ngamia aliyepakiwa. Alikisikia kilio alichokuwa amemwomba Mungu usiku na mchana. Aliitafuta furaha ndani yake kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, hakuiona, na hakusikitika. Akanyoosha mkono, akampapasa mtoto kichwani, kwa sababu alikumbuka kwamba ndivyo baba anavyofanya.