Kopo Lililoitwa IDADI

Maboksi manne ya dawa ya kisukari yalikutwa kwenye buti la gari la mtunza stoo. Kompyuta ya bohari ilisema hakuna hata boksi moja lililopotea. Inspekta hakupenda mambo hayo mawili yakae pamoja.

Mama mtunza stoo alikuwa rumande, na mkurugenzi alitaka ashtakiwe leo leo.

Inspekta akavuta kiti karibu na fundi wa programu, mume wa mdogo wake yule mama.

"Nieleze kama mtu aliyeachia shule njiani."

"Kigeu, mahali programu inapotunza namba, ni kopo lenye jina, afande. Hili ni IDADI. Mteja akiagiza manne, kopo lina nne. Kisha programu inaita kipande cha kuchapa lebo, mbili kwa kila boksi. Kipande hicho ni sabrutini, mtindo wa kizamani. Hakina makopo yake, kinachota yale yale ya programu kuu. Kinaandika nane ndani ya IDADI."

"Na hesabu ya stoo inapunguzwa nane."

"Manne yanabaki rafuni bila mwenyewe. Shemeji akayaona, tamaa ikamshika. Langu ni uzembe tu."

"Ungezuiaje?"

"Kwa prosija, kipande cha mtindo mpya. Ina kopo lake la ndani, hata kama jina ni lile lile. Kazi ikiisha linatupwa, la nje halijaguswa."

"Vipande vingine umeviandikaje?"

"Vyote prosija."

"Isipokuwa hiki."

"Nilipitiwa, afande."

"Ukajua lini kuwa kinavuja?"

"Leo. Ulipokuja."

Inspekta akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Nisomee hapa. Kwa sauti, bwana shemeji."

Fundi akasoma. "Weka IDADI ndani ya AKIBA."

"Unatunza nne kwenye kopo la pili, ndipo unaita lebo. Hati ya mteja inachapwa kutoka AKIBA, kwa hiyo mteja halalamiki. Stoo inapunguzwa kutoka IDADI. Umekinga ndoo chini ya tundu, halafu unaniambia hukujua paa linavuja?"

Inspekta akafungua daftari lake.

"Nani huingia chumba cha baridi zinamokaa dawa hizi kukagua kipimajoto, kabla mama hajahesabu jioni?"

"Mimi."

"Na ufunguo wa gari lake?"

"Huwa ananiazima." Mabega yakamshuka. "Sikuuza hata moja, afande. Kazi hii aliniombea yeye. Basi kila tukikaa mezani kwake, mbele ya wanangu: 'Baba yenu huyu nilimwokota mimi.' Mke wangu anacheka. Nilitaka siku moja na yeye atazamwe hivyo."

"Angefungwa."

"Afukuzwe tu. Sikuwaza kufungwa."

"Uliwaza. Ulikaa ukaandika mstari kwa mstari."

Inspekta akanyanyua simu ya mezani, akaagiza mama aachiwe.

"Nakuomba kitu kimoja," fundi alisema. "Mke wangu asiyasikie haya kwa dada yake."

"Ayasikie kwa nani?"

"Sijui."

Inspekta akamsogezea simu. Fundi akaishika, akapiga namba ya nyumbani.